Seva yenye data nyingi na vikomo vya bakapu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Ukurasa huu ni wa watu wanaotunza seva huku kwetu Kusini: mhasibu wa chama cha msingi aliyekabidhiwa ufunguo wa chumba cha kompyuta kwa sababu hakuna mwingine, kijana wa TEHAMA kwenye kituo cha afya, msimamizi wa hoteli ya Mikindani ambaye kamera zake zimejaza diski nne. Na mimi kazi yangu ni hiyo hiyo. Nazunguka Mtwara mjini, Masasi na Lindi, na maswali haya naulizwa kwa simu karibu kila wiki. Vitabuni wanasema nakala rudufu. Sisi kazini tunasema bakapu, na ndivyo nitakavyoandika hapa.

Kwani bakapu nayo ina kikomo cha ukubwa? Nikinunua diski kubwa si basi?

Diski kubwa peke yake haitoshi. Data inapotoka kwenye seva kwenda kwenye bakapu inapita milango mingi: jedwali la patisheni, yaani orodha ya jinsi diski ilivyogawanywa, mfumo wa mafaili, yaani namna diski inavyopanga na kuandikisha mafaili, programu ya bakapu, waya wa mtandao, hifadhi ya wingu kama unaitumia, na mwisho saa za usiku mmoja. Kila mlango una kipimo chake, na ulio mwembamba kuliko yote ndio unaoamua. Nimeona volyumu ya terabaiti 3, diski mpya ya terabaiti 8 pembeni yake, na bakapu ikagoma kwenye terabaiti 2. Kamba hukatikia pabovu, na hapo pabovu palikuwa kwenye programu ya zamani ambayo hakuna aliyeifikiria.

Volyumu, kwa atakayelikuta neno hili mara ya kwanza, ni eneo la hifadhi ambalo seva inaliona kama diski moja, hata kama ndani yake kuna diski sita zilizounganishwa.

Bakapu yetu kila siku inaandika "imekamilika". Kuna haja ya kuhangaika?

Ipo, na sababu nitaieleza kwa kirefu.

Nilipigiwa simu msimu wa korosho umechanganya. Seva ya chama kimoja ilikuwa imekufa, na kesho yake wakulima walitegemea orodha ya malipo. Nilifika jioni. Ofisi iko ubavuni mwa ghala, magunia ya katani yamepangwa mpaka karibu na dirisha, na mama mhasibu alikuwa ameketi na diski ya nje mapajani kama aliyepakata mtoto. Akaniambia, "Fundi, bakapu ipo. Kila asubuhi naangalia, inasema imekamilika."

Nikachomeka diski. Kulikuwa na mafaili saba, moja kwa kila siku ya wiki. Nikaangalia ukubwa wa la kwanza: baiti 4,294,967,295. La pili: 4,294,967,295. La tatu hivyo hivyo, mpaka la saba. Kila siku wanapokea mzigo, kila siku wanaingiza majina na kilo, halafu mafaili saba yalingane mpaka baiti ya mwisho! Sikuhitaji kulifungua hata moja.

Namba hiyo ni gigabaiti 4 kasoro baiti moja, na ndicho kikomo cha faili moja kwenye mfumo wa FAT32. FAT32 huandika ukubwa wa faili kwa biti 32, kwa hiyo haijui kuhesabu zaidi ya hapo. Diski ile iliwahi kutumika kwenye king'amuzi, ndiyo maana ilikuwa FAT32. Hifadhidata ilipokuwa ndogo kila kitu kilikwenda sawa. Ilipovuka gigabaiti 4, faili lilijaa, lililobaki likatupwa, na skripti ya bakapu, yaani orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe, iliyoandikwa kwa haraka, ikaendelea mpaka mstari wake wa mwisho, uliokuwa unaandika neno "imekamilika" bila kuuliza kama kilichotangulia kimefaulu.

Basi ukisoma hapa ukiwa ofisini, fungua folda ya bakapu sasa hivi utazame ukubwa wa mafaili. Yakilingana kabisa siku baada ya siku, au yakiishia kwenye namba kama 4,294,967,295, huna bakapu. Diski ya nje ifomatiwe kwa mfumo wa mafaili wa NTFS kama seva ni Windows, ext4 au XFS kama ni Linux. exFAT nayo haina kikomo cha gigabaiti 4, ila haina jarida, yaani kumbukumbu ya mabadiliko, la kuilinda umeme ukikatika katikati ya kuandika, na huku kwetu hilo ni jambo la kuangalia.

Nimenunua diski ya terabaiti 4, kompyuta inaonyesha 3.63. Nimepigwa?

Hapana. Kiwanda kinahesabu terabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000,000. Windows inahesabu kwa mafungu ya 1,024, na terabaiti yake moja ni baiti 1,099,511,627,776. Diski ni ile ile. Diski ya 12 utaiona kama 10.91, na ya 18 kama 16.37. Unapopanga bakapu tumia hesabu moja kwa pande zote mbili, maana volyumu inayosomeka "11" ndani ya Windows haitaingia kwenye diski iliyoandikwa "12" kwenye boksi.

Na hizi flashi za terabaiti 2 za bei ya chini?

Hapo ndipo watu wanapigwa kweli. Chipu ndani ni ndogo sana, lakini imefundishwa kuidanganya kompyuta. Inapokea kila unachoiandikia na kukuonyesha majina ya mafaili, ila yaliyozidi uwezo wake hayapo. Kwenye Linux kuna programu ya bure inaitwa f3, kwenye Windows kuna H2testw. Zote zinaijaza flashi mpaka mwisho kisha zinasoma kilichoandikwa na kulinganisha. Ipime kabla hujamlipa muuzaji, au mkubaliane kwamba utairudisha. Bakapu ya ofisi usiiweke kwenye flashi hata kama ni halali.

Diski ya terabaiti 6, seva inaona 2 tu. Tatizo nini?

Jedwali la patisheni la aina ya zamani, MBR. Linahesabu sekta kwa biti 32, na sekta moja ya kawaida ni baiti 512. Ukizidisha unapata baiti 2,199,023,255,552, yaani terabaiti 2 za Windows. Zaidi ya hapo MBR haioni kitu. Dawa ni GPT, inayohesabu kwa biti 64, na kikomo chake hutakifikia katika maisha yako. Kubadilisha kwa njia ya kawaida kunafuta diski, kwa hiyo fanya hivyo siku unayoinunua, ikiwa bado tupu. Kama umeweka GPT na bado unaona 2, chunguza kasha la USB au kadi ya RAID, ile inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja: za miaka ya nyuma nyingi zina kikomo hicho hicho ndani yake.

Sisi tuna Windows Server. Vikomo vyake ni vipi?

Inategemea toleo, na bado nakuta matoleo ya zamani yakifanya kazi.

Windows Server 2008 na 2008 R2: programu yake ya bakapu inahifadhi kila volyumu ndani ya faili la VHD, faili linalobeba diski nzima ndani yake, na VHD mwisho wake ni gigabaiti 2,040. Volyumu ikizidi hapo, bakapu inakataa. Kuanzia Windows Server 2012 volyumu kubwa zinawekwa kwenye VHDX, ambayo inafika terabaiti 64.

NTFS yenyewe ina mtego. Ukifomati bila kugusa chochote, klasta, yaani kipande kidogo kabisa cha diski ambacho faili hupewa, huwa kilobaiti 4, na volyumu haiwezi kuvuka terabaiti 16. Siku utakapoongeza diski ili ikue mpaka 20, Windows itagoma kuipanua, na hakuna njia ya kubadilisha klasta bila kuhamisha data yote. Ndiyo maana volyumu ninayotegemea itakua naifomati kwa klasta ya kilobaiti 64 tangu mwanzo. Hiyo inakwenda mpaka terabaiti 256. Kuanzia Windows Server 2019 klasta zinaweza kuwa kubwa zaidi, mpaka megabaiti 2, na volyumu mpaka petabaiti 8.

Lakini usifurahie petabaiti hizo mapema. Huduma ya Windows inayoigandisha volyumu ili bakapu ichukue data bila kuzima kazi, VSS, inakubalika mpaka terabaiti 64 tu. Unaweza basi kuwa na volyumu halali kabisa ambayo haina njia ya kawaida ya kuchukuliwa bakapu. Na wanaopeleka kwenye wingu la Azure kwa kutumia programu ndogo ya MARS wana kikomo kingine: gigabaiti 54,400 kwa chanzo kimoja.

Na Linux?

Mifumo ya mafaili ya Linux ina nafasi kubwa, ila kila mmoja una lake. Kwenye ext4 yenye bloku za kilobaiti 4, faili moja haliwezi kuzidi terabaiti 16. Ukichukua bakapu ya seva nzima kama faili moja, hapo ndipo utakapogonga. XFS kwa mahitaji yetu haina mwisho.

Chunguza pia tar, programu inayofunga mafaili mengi kuwa faili moja. Muundo wake wa zamani, ustar, unaandika ukubwa wa faili kwa tarakimu 11 za mfumo wa nane, na hiyo inaishia gigabaiti 8 kwa kila faili linalowekwa ndani. Muundo wa GNU na wa pax umevuka kikomo hicho. ZIP ya zamani nayo ilikuwa na gigabaiti 4 na mafaili 65,535. ZIP64 ndiyo iliyoondoa vikomo hivyo. Ukirithi skripti kutoka kwa mtu aliyeondoka, soma imetumia muundo gani kabla ya kuiamini.

Nafasi ipo tele lakini seva inasema diski imejaa. Inakuwaje?

Idadi ya mafaili. Ext4 inapangiwa idadi ya inodi, yaani nafasi za kuandikisha mafaili, siku inapofomatiwa. Kawaida ni moja kwa kila kilobaiti 16. Ukiwa na mamilioni ya mafaili madogo, kwa mfano stakabadhi zilizoskaniwa kurasa moja moja, nafasi za kuandikisha zinaisha kabla ya baiti. Andika `df -i` utaona.

Mafaili madogo yanachosha bakapu hata yasipojaza diski, kwa sababu kila faili lazima lifunguliwe, lisomwe na lifungwe. Gigabaiti 100 za vipande milioni 5 zinaweza kuchukua muda mrefu kuliko terabaiti nzima ya faili moja. Kwenye folda za namna hiyo chukua bakapu ya volyumu nzima kwa bloku, yaani vipande vya diski badala ya faili moja moja, au zifunge za kila mwezi kwenye faili moja la tar mwezi unapokwisha.

Na majina marefu! Programu nyingi za Windows bado zinakwama njia ya faili ikizidi herufi 260. Folda iitwayo "Malipo ya wakulima msimu wa 2023-2024 awamu ya tatu marekebisho ya mwisho", ndani yake nyingine ya urefu huo, ndani yake nyingine tena: faili la mwisho linarukwa, na taarifa yake imezama kwenye logi ambayo hakuna anayeisoma.

Bakapu yetu ilikuwa inaisha alfajiri, siku hizi mpaka saa nne asubuhi bado inaendelea. Tumefika kikomo?

Mmefika kikomo cha muda, na kwa watu wengi huku ndicho kinachouma kuliko vyote. Fanya hesabu kwa terabaiti moja. Mtandao wa ndani wa gigabiti unaibeba kwa saa 2 na nusu hivi. Mtandao wa megabiti 100 unataka saa 22. USB 2.0, saa 8 au zaidi. Intaneti inayopandisha megabiti 20 kwa sekunde, siku 4 na saa 15 bila kusimama. Ukiwa na terabaiti 10, kwa intaneti hiyo ni siku 46. Hakuna usiku wa urefu huo.

Kabla hujalaumu wingi wa data, angalia waya. Kituo kimoja cha afya Lindi kililalamika kwa maneno hayo hayo. Picha za eksirei zilikuwa zimeongezeka kidogo tu, lakini bakapu iliyokuwa inachukua saa 3 ikawa inaelekea saa 30. Nikatazama taa ya swichi: ilikuwa ya rangi ya chungwa wakati jirani zake zote ni kijani. Nikachomoa kichwa cha waya nikakiweka kwenye mwanga wa simu. Pini mbili zilikuwa na kutu ya kijani, ile inayoletwa na hewa ya chumvi. Gigabiti inahitaji nyaya zote 8 ndani ya kebo. Megabiti 100 inaridhika na 4. Pini zilipoliwa, swichi ikashuka kasi kimya kimya, mara kumi. Nilikata kichwa, nikafunga kipya, taa ikarudi kijani.

Kama waya ni mzima, acha kuchukua kila kitu kila usiku. Bakapu kamili iwe mara moja kwa mwezi au mwisho wa wiki, na siku nyingine ichukuliwe nyongeza tu, yale yaliyobadilika. Chukua seva ya terabaiti 10 inayobadilika kwa asilimia 1 kwa siku: hiyo ni gigabaiti 100, na kwa megabiti 20 zitapanda kwa saa 11. Ukianza saa 12 jioni unamaliza saa 11 alfajiri, kabla watu hawajafungua ofisi. Inabana, lakini inawezekana.

Bakapu ya kwanza kabisa tuipeleke vipi Dar, na ni terabaiti 8?

Iweke kwenye diski, ifunge kwa nenosiri, mpe mtu unayemwamini apande basi. Sisemi kwa mzaha. Basi linalotoka Mtwara alfajiri likafika Dar jioni, tuseme saa 12 njiani, limebeba terabaiti 8 kwa kasi ya karibu gigabiti moja na nusu kwa sekunde. Ikishafika na kupakiwa kwenye seva ya huko, intaneti inabaki na kazi ya nyongeza za kila siku tu. Tuma diski mbili kwa siku mbili tofauti, na ile ya nyumbani usiiguse mpaka wa upande wa pili wathibitishe.

Kama nakala iko Dar au kwenye wingu, ya nini tena kuweka nyingine hapa?

Kumbuka Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi ule kilikuja kimbunga Hidaya, na mvua zake zikaikata barabara kuu eneo la Somanga, Kilwa. Basi halipiti, diski haipiti. Kisha tarehe 12 mwezi ule ule nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Aliyekuwa na nakala Dar na nyingine ng'ambo, na hapa hana kitu, aliziba masikio asisikie wateja wake.

Ushauri wangu ni huu: nakala moja ofisini, nyingine nje ya mkoa, na ya tatu huku huku Kusini lakini mbali na bahari. Wenye matawi Masasi wana bahati, maana ni mwendo wa saa chache na hewa yake haina chumvi. Wasio na tawi huko, aliye Lindi na aliye Mtwara wanaweza kutunziana, kila mmoja diski ya mwenzake ikiwa imefungwa kwa nenosiri.

Wingu linakataa faili kubwa katikati ya safari, asilimia imefika 60. Kwa nini?

Huduma nyingi zinazofuata mtindo wa Amazon S3 zinapokea faili kubwa kwa vipande, na vipande haviruhusiwi kuzidi 10,000. Zidisha ukubwa wa kipande kwa 10,000 upate kikomo chako. rclone, programu ya kupeleka mafaili kwenye wingu, inapopandisha data ambayo haijui ukubwa wake mapema, hutumia vipande vya megabaiti 5, kwa hiyo inaishia gigabaiti 48. Ongeza ukubwa wa kipande kwenye mpangilio na tatizo linaisha.

Bora zaidi, tumia programu ambayo haitengenezi faili moja kubwa. Restic inakata data kwenye mafurushi ya megabaiti 16 hivi, BorgBackup kwenye mafaili ya megabaiti 500 hivi. Hizo zinapita kwenye karibu kila mlango niliokwisha kuutaja, na data iliyojirudia zinaihifadhi mara moja tu.

Umeme ukikatika bakapu ikiwa katikati, ninaanza upya?

Kwa faili moja kubwa, mara nyingi ndiyo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuliepuka. Restic na Borg huruka vipande ambavyo vimeshafika. rsync, programu ya kunakili mafaili kati ya mashine, nayo ina chaguo la `--partial`, linaloacha kilichokwisha kupokelewa kisifutwe. Diski ya bakapu iwe kwenye UPS, betri ya kushikilia umeme, ile ile ya seva. Mara ngapi nimekuta seva imelindwa na diski ya nje imechomekwa ukutani!

Kamera zetu zina terabaiti 30. Zote zichukuliwe bakapu?

Hapana, na mtu akikushauri hivyo muulize nani atazitazama. Weka siku 14 au 30 kwenye mashine ya kamera, na tukio likitokea toa kipande hicho ukihifadhi pamoja na data muhimu. Hatua hii moja imeshusha bakapu za wateja wangu kuliko mbinu nyingine yoyote. Na usitegemee kuzibana: video imeshabanwa na kamera yenyewe.

Tuna RAID, si ni bakapu tayari?

Si bakapu. RAID inakuokoa diski moja ikifa. Mtu akifuta folda, inafutika kwenye diski zote kwa wakati mmoja.

Tumeambiwa tununue tepu za LTO-9 za terabaiti 45. Ni kweli zinabeba hivyo?

Uwezo wake halisi ni terabaiti 18. Ile 45 iliyo kwenye boksi inadhani data yako itabanwa mara 2.5, na picha na video hazibaniki hivyo. Kwa LTO-8 hesabu 12. Tepu ni nzuri kwa wenye data nyingi sana, na ikishatolewa kwenye mashine hakuna mdukuzi anayeifikia. Lakini kuzitunza miaka mingi kunataka joto lisilozidi nyuzi 25 na unyevu usiozidi asilimia 50. Chumba cha Shangani, hapa Mtwara, kisicho na kiyoyozi hakifiki huko. Kwa ofisi ya terabaiti 10 mimi ningechukua diski mbili kubwa za kubadilishana, na kila moja ningeiweka kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vipakiti vibadilishe kila miezi michache.

Data za wagonjwa na wakulima zinaruhusiwa kwenda kwenye wingu la nje ya nchi?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya Tanzania. Msimamizi wake ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Waulize kabla, kwa maandishi. Popote data inapokwenda, iwe imefungwa kwa nenosiri, na nenosiri hilo liwe pia kwenye karatasi ndani ya sefu, si kwenye kichwa cha mtu mmoja.

Tuna volyumu moja ya terabaiti 40 na kila kitu kimo humo. Tuanzie wapi?

Igawe kwa kazi, si kwa ukubwa. Hifadhidata peke yake, mafaili ya ofisi peke yake, picha za zamani zisizobadilika peke yake, kamera peke yake. Utashangaa hifadhidata, ambayo bila hiyo ofisi haifunguliwi, haifiki hata gigabaiti 200. Hiyo ichukue bakapu mara kadhaa kwa siku. Picha za zamani chukua mara mbili kwenye diski mbili, hakiki, kisha usizirudie. Ongeza mpya tu. Ukimaliza kugawa, kile kilichoonekana terabaiti 40 kinakuwa kazi ya terabaiti 2 au 3 ya kila siku, na hakuna volyumu hata moja itakayokaribia vikomo vya juu.

Faida nyingine utaiona siku ya kurejesha. Volyumu moja kubwa inarudi yote au hairudi. Zikiwa nne, unarejesha hifadhidata kwanza, watu wanaanza kazi, mengine yanafuata usiku.

Tutajuaje kwamba bakapu ni nzima?

Kwa kuirejesha, hakuna njia nyingine. Kila wiki chagua faili moja kwa kubahatisha, litoe kwenye bakapu, lifungue, lisome. Mara moja kwa mwaka rejesha seva nzima kwenye mashine nyingine, na andika imechukua saa ngapi, kwa sababu hilo ndilo bosi atakalouliza siku ya msiba. Diski ya kurejeshea iwe sawa au kubwa kuliko ya awali. Windows inapojenga seva upya haikubali iliyo ndogo, hata data ikiwa kidogo. Kwa vyama vya korosho sisi tunafanya Septemba, kabla mizani haijafunguliwa.

Wale wa mafaili saba iliishaje?

Tulipekua ofisi nzima. Kwenye droo palikuwa na flashi ya mhasibu aliyetangulia, na ndani yake nakala ya Juni, gigabaiti 3.8, bado iko chini ya kikomo, nzima. Yaliyofuata tuliyaingiza upya kutoka kwenye vitabu vya stakabadhi, kurasa kwa kurasa, mimi nikisoma na mama mhasibu akiandika, na vijana wawili wa ghala wakihakiki kilo. Siku tisa. Wakulima walisubiri, na wengine walikuja kukaa barazani kuanzia asubuhi bila kusema neno.

Diski niliifomati upya kuwa NTFS na skripti nikaiandika tena, isimame na kupiga kelele hatua yoyote ikishindwa. Mama mhasibu yeye akanunua kauntabuku. Kila asubuhi anaandika tarehe na ukubwa wa faili la usiku, kwa kalamu. Mwezi uliopita alinipigia saa mbili kasoro: "Fundi, leo namba ni ndogo kuliko ya jana. Njoo." Nilikwenda. Diski ilikuwa imejaa, imebakiza megabaiti 11.